Mgongo wa Kisu

Kiswahili hakikosi maneno ya chuma. Kuna chuma chenyewe, kuna pua, na kuna feleji, ile pua bora ya kufulia panga za wenye hadhi. Tulipokuwa mwaka wa kwanza, mhadhiri wetu wa leksikografia alitupa zoezi la kukusanya msamiati wa fani moja kutoka kwa wazee wa nyumbani. Wenzangu walichagua uvuvi, ufinyanzi, upishi. Mimi nilichagua uhunzi, kwa kuwa maneno yake nilikuwa nayo tayari kichwani: fuawe, mivukuto, koleo, tupa, jiliwa, msasa. Hata hivyo, katika orodha yangu hapakuwa na jina la kile ninachokiandikia leo, yaani pua ya matabaka yenye michirizi kama maji, inayoitwa kwa jina la mji wa Dameski. Babu yangu hakuwahi kuiona. Lakini ndiye aliyenifundisha kuikagua.

Babu alikuwa mhunzi Fizi, Kivu ya Kusini, kisha akawa mhunzi wa wakimbizi katika makazi ya Nakivale, hapa Uganda. Alifua majembe, panga na visu vya jikoni kwa springi za malori yaliyokwisha kufa. Tangu nikiwa na miaka tisa hadi kumi na minne nilimvutia mivukuto. Wapo majirani waliomwambia kwamba mtoto wa kike hapaswi kukaribia tanuri. Akawajibu kwamba wavulana wake wote wamemkimbia, sasa wao wanataka nani avute?

Mmoja wa wavulana hao ni mjomba wangu, ambaye tangu mwaka 2014 anaishi Louisville, Kentucky, nchini Marekani, na kufanya kazi ya usiku katika ghala la mizigo. Ndiye anayenilipia ada. Huniita “mama”, kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Miaka miwili iliyopita aliniambia kwamba amekuwa akiweka akiba ya fedha za saa za ziada na kwamba anataka kuanza kukusanya visu. Nilidhani nimesikia vibaya. Akarudia: visu vya kukunja, vya Dameski, vilivyotengenezwa kwa mkono na fundi mmoja mmoja. Kisu cha kwanza alichokitaka kiliuzwa dola 850. Msomaji mwenzangu ambaye umewahi kupanga foleni ya usajili unajua dola 850 ni nini.

Sasa, kabla ya kusema nilichokiona kwenye kisu kile, niseme kidogo juu ya chuma chenyewe, maana jina lake limewapoteza wengi. Panga za zamani ambazo waandishi wa Kiarabu walizisifu, hata al-Kindi akaandika risala nzima juu ya panga katika karne ya 9, zilifuliwa kwa madonge ya pua iliyoyeyushwa ndani ya vyungu vidogo huko India na Sri Lanka. Michirizi yake ilijitokeza yenyewe kutoka ndani ya donge. Hatimaye ufundi ule ulipotea. Kinachouzwa leo kwa jina la Dameski, kwa sehemu kubwa, ni kitu kingine: fundi hupanga vipande vyembamba vya pua za aina mbili, moja ya kaboni tupu na nyingine yenye nikeli kiasi cha asilimia 2, akavipasha moto mpaka viwe na rangi ya embe bivu, kisha akavigonga vikashikana bila kuyeyuka. Akishavirefusha hukata, hupandanisha, hugonga tena. Vipande 9 huwa matabaka 18, 36, 72, 144, 288. Akikisokota chuma hicho anapata nakshi ya namna moja. Akikichimba mifereji na kukilaza upya anapata nakshi ya ngazi. Mwisho hukichovya katika tindikali. Pua ya kaboni hugeuka nyeusi, ile yenye nikeli hubaki inang'aa, na hapo ndipo mawimbi yanapoonekana.

Mmarekani aitwaye William Moran ndiye aliyerudisha hamu ya chuma hiki kati ya wahunzi wa kwao, alipoonyesha visu vyake vya Dameski mwaka 1973. Mwaka 1976 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa American Bladesmith Society, chama ambacho hadi leo hutahini wahunzi. Anayetaka daraja la juu hufua kisu cha Dameski, akakate nacho kamba inayoning'inia hewani kwa pigo moja, apasue mbao, kisha kisu hichohicho bado kinyoe nywele, na mwishoni kikunjwe kwa jiliwa mpaka nyuzi 90 bila kuvunjika vipande viwili. Nimependa sehemu hii ya mtihani kwa sababu haiulizi kama kisu kinapendeza machoni.

Na sisi tusijione wageni katika habari hizi. Ng'ambo ya mpaka tu kutoka Nakivale, katika Kagera ya Tanzania, wazee wa Kihaya waliwajengea watafiti tanuri la kale, na mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery wakachapisha matokeo yao: wahunzi wa sehemu ile walikuwa wakipata pua yenye kaboni karibu miaka 2,000 iliyopita, kwa kupasha hewa moto kabla haijafika kwenye makaa. Babu angecheka kuambiwa kwamba jambo hilo lilihitaji kuchapishwa.

Turudi kwenye kisu. Mjomba alikipata kwa mchuuzi wa visu, si kwa fundi mwenyewe, na akapewa siku tatu za kukikagua, ambayo ni desturi nzuri ya biashara hiyo na mnunuzi asikubali kuikosa. Akanipigia simu ya video.

“Mama, tazama maji haya,” alisema, akikisogeza kwenye kamera.

Kilikuwa kizuri kweli. Ngazi ilipanda kutoka kwenye bawaba hadi nchani, nyeusi na nyeupe, na mpini ulikuwa wa rangi ya maziwa.

“Mjomba, kigeuze. Nionyeshe mgongo.”

“Mgongo wa nini? Uzuri uko huku.”

Hapo ndipo penye shida yote. Bapa la kisu ndilo lililopigwa tindikali ili litazamwe, na tindikali haijui kama matabaka yameshikana au yamelala tu pamoja kama wageni wa matanga. Zaidi ya hayo, siku hizi kuna visu vya chuma cha kawaida vilivyochorwa mawimbi juujuu. Mgongoni ni vigumu kudanganya. Katika Dameski ya kweli mistari huonekana hata mgongoni, kwa sababu haikuchorwa, bali ndiyo mwili wenyewe wa chuma. Tazama pia ndani ya kile kijishimo cha kutilia ukucha wakati wa kufungua, na tazama bapa linapoanza kuteremka kuelekea kwenye makali. Palipokatwa kwa mshazari mistari lazima itanuke na kupinda, kama mistari ya ubao inavyotanuka seremala anapouranda kwa upande. Mistari ikiendelea vilevile kana kwamba hakuna mteremko, funga mkoba wako.

Kisu cha mjomba kilipita mtihani huo. Kilikuwa Dameski ya kweli. Lakini karibu na bawaba, mgongoni, niliona mstari mmoja mweusi usiofanana na wenzake, mwembamba kama unywele, mrefu kama ukucha. Mstari wa nakshi una rangi lakini kwa kawaida hauna kina kirefu. Huu ulionekana kuwa na kina. Mjomba alipopitisha ukucha juu yake alisema unanasa kidogo. Alimwandikia mchuuzi, naye akajibu kwamba hiyo ni sehemu ya nakshi.

Ni lazima niseme jambo moja hapa, kwa sababu bila hilo insha hii itakuwa ya uongo. Nilipouona mstari ule nilifurahi. Usajili ulikuwa unafungwa mwisho wa mwezi uleule, na kila dola iliyokwenda kwenye kisu niliiona ikitoka kwenye ada yangu. Mjomba hakulitaja hilo, nami sikulitaja, lakini lilikuwa limekaa kati yetu kwenye simu. Mkaguzi mwenye shida ya fedha ni kama mwamuzi ambaye ndugu yake yumo uwanjani. Hata akipuliza filimbi kwa haki, nani atamwamini? Kwa hiyo sikutaka mjomba alirudishe pesa lake kwa neno langu. Nilitaka aone mwenyewe.

Babu alikuwa na njia yake ya kujua kama jembe limepasuka. Alilipaka mafuta ya taa, akalifuta mpaka likauke kabisa, kisha akalinyunyizia unga wa muhogo na kuliacha kidogo. Penye ufa, mafuta yaliyojificha ndani hupanda tena na kuchora mstari juu ya unga. Nilimweleza mjomba atumie mafuta mepesi ya cherehani, tone moja tu, mbali na mpini. Unga wa muhogo alikuwa nao. Mtu wa Fizi hakosi unga wa muhogo, hata Kentucky. Aliweka simu ikiegemea sufuria, na sisi wawili tukakaa kimya tukiangalia kisu kilichopakwa unga kama andazi. Baada ya dakika kumi hivi mstari ulitokea, wa kijivu, mahali palepale. Akakigeuza upande wa pili, akanyunyiza tena. Ukatokea na huko.

“Baba alikuwa akifanya hivi,” alisema. Nilikuwa sijamwambia njia hiyo nimeitoa wapi.

Kulikuwa na la pili. Kisu cha kukunja ni mashine ndogo, na wengi hununua nakshi wakasahau kwamba wananunua mashine. Kikifungwa, kitazame kutoka juu. Bapa linapaswa kulala katikati, mwanga upite sawa kulia na kushoto. Hiki kiliegemea kushoto mpaka kimekwaruza bati la ndani. Kikifunguliwa, shika ncha kwa vidole uitikise. Isicheze upande kwa upande, wala juu na chini. Kama kisu kina kile kibati cha kuzuia bapa lisijifunge, mtindo ambao Michael Walker aliufanya ujulikane tangu miaka ya 1980, angalia kinakanyaga wapi. (Kwenye simu niliuita “ulimi”, na mjomba akauelewa mara moja. Kamusi ziuchukue au ziuache.) Ulimi wa kisu kipya ukanyage mwanzoni mwa kisigino cha bapa. Ukiwa umefika ukuta wa pili kabla kisu hakijakata hata karatasi, hautakuwa na pa kwenda utakapoanza kulika. Wa kisu hiki ulikuwa umefika.

La tatu lilikuwa mpini. Mchuuzi aliandika kuwa ni jino la mammoth, yule tembo wa kale wa nchi za barafu, ambalo biashara yake haikatazwi kama ya pembe za tembo. Hapa Kiswahili kinacheza na msemaji: namna ya kuitambua pembe ni kupima pembe. Palipokatwa kupingana na urefu wa jino huonekana mistari inayokatana. Katika tembo wa leo hukatana kwa pembe butu, katika mammoth kwa pembe kali zaidi. Kwa kamera ya simu sikuweza kupima, na mchuuzi hakuwa na karatasi yoyote. Biashara ya kimataifa ya pembe za tembo ilipigwa marufuku mwaka 1989, mwaka uleule Kenya ilipochoma tani 12 hadharani. Mtu anayekusanya visu anaweza kuona hilo ni jambo dogo. Kwangu mimi, mpini mweupe usio na karatasi ungetosha kukirudisha kisu hata kama chuma chake kingekuwa cha malaika.

Mjomba alikirudisha, akalipa gharama za posta. Ada yangu ya muhula ule ililetwa kwa wakati. Nilidhani habari ya visu imekwisha.

Haikwisha. Mwaka uliofuata yeye na mfanyakazi mwenzake waliendesha gari zaidi ya saa sita hadi Atlanta, kwenye maonyesho makubwa ya visu yanayofanyika huko kila mwaka. Alinipigia nikiwa bwenini, usiku, wenzangu wamelala, nikaongea naye nikiwa ngazini. Alikuwa amesimama mbele ya meza ya mzee mmoja aliyetengeneza visu vyake mwenyewe, na jambo la kwanza alilomwomba, bila mimi kumwambia, lilikuwa kuuona mgongo. Yule mzee akampa kioo cha kukuzia.

Kununua kwa fundi mwenyewe kuna faida moja kubwa: unaweza kumuuliza. Mjomba aliuliza maswali niliyomwandikia. Chuma umekifua wewe au umekinunua kikiwa tayari? Swali hili si la kumtega mtu. Mafundi wengi wazuri hununua Dameski iliyokwisha tengenezwa, na Damasteel ya Uswidi hutoa aina isiyoshika kutu iliyoanza kama unga wa chuma, ambayo fundi hawezi kuipata kwa nyundo yake uani. Si kosa kuinunua. Kosa ni kuificha, kwa sababu mkusanyaji analipia mkono wa mtu na ana haki ya kujua mkono huo ulifanya nini. Mzee akasema chuma ni chake, akataja pua mbili alizotumia, akataja idadi ya matabaka, kisha akaonyesha kitu ambacho hatukukiona: karibu na ncha, nakshi ilikuwa imefifia kidogo, kwa kuwa alisaga mno pale alipokuwa akinyoosha bapa. Angeweza kunyamaza.

Kisu hiki hakikuwa na ulimi. Kilikuwa cha mtindo wa zamani, bapa likizuiwa na springi ya mgongoni peke yake. Kwa visu vya namna hii, pitisha kidole juu ya mgongo mara tatu: kikiwa wazi, kikiwa nusu, kikiwa kimefungwa. Mara zote tatu springi iwe sawa na mabati ya pembeni, kidole kisikwae. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika, na fundi mvivu huipata mara moja tu kati ya tatu. Mjomba alipitisha kidole, akapitisha tena, akatikisa kichwa. Kisu kilipofungwa nilisikia mlio wake Uganda nzima, tak, mkavu, bila mwangwi. Alikiinua mbele ya taa: kati ya mpini na bati hapakupita hata uzi wa mwanga.

“Mpini ni mti gani?” niliuliza. Ulikuwa mweusi.

Alimuuliza mzee, akanitajia jina la Kiingereza, mti mweusi wa Afrika. Nikacheka peke yangu ngazini. Ulikuwa mpingo. Mti wa vinyago vya Wamakonde, mzito kiasi cha kuzama majini, umevuka bahari ukawa mpini wa kisu Marekani, na sasa mtu wa Fizi anaununua huko kwa dola 780, kisu na mpini pamoja.

“Mama, unasemaje?”

Ulikuwa tena mwezi wa usajili. Nilitafuta kasoro, na simu ilikuwa mbaya kiasi kwamba ningeweza kuizua moja na asingejua. Babu alikuwa akiuza jembe lenye dosari kwa nusu ya bei, na kwanza alimwonyesha mnunuzi dosari iko wapi. Na jembe zuri hakulipunguzia bei hata kwa shemeji.

“Kisu ni kizuri, mjomba. Sijaona baya zaidi ya lile alilokuonyesha mwenyewe.”

“Na ada yako?”

“Umeniuliza kisu.”

Alinyamaza, kisha akanunua. Ada ililetwa kwa mafungu mawili, nikasajiliwa wiki ya mwisho na kulipa faini ya kuchelewa. Hatujazungumza juu ya faini hiyo mpaka leo, na akiisoma insha hii atakuwa ameijua.

Kuna watakaouliza faida ya kumiliki kisu ambacho hakitakata hata kitunguu. Wanaosema visu hivi ni akiba kwa sababu bei hupanda, mimi siwaamini sana. Huenda bei ikapanda kwa majina machache yanayotafutwa, lakini mtu asiye na jina la fundi mkononi asitarajie kurudishiwa hata alichotoa. Mjomba hasemi habari za faida. Babu alipofariki mwaka 2018 tuliuza vyombo vyake kugharamia mazishi. Fuawe, ambayo ilikuwa kipande cha reli, ilichukuliwa na fundi wa baiskeli. Mjomba hakuweza kuja. Miezi kadhaa baadaye aliniuliza marto ilikwenda wapi, maana kwetu nyundo huiita marto, nikamwambia iliuzwa pamoja na vingine. Hakuuliza tena. Nadhani visu vilianzia hapo. Yeye hajasema hivyo, ni mimi ninayesema.

Juzi ametuma picha ya kingine. Hiki kinatoka Wazirabad, mji wa wafua visu huko Pakistan, ambako hutoka Dameski nyingi ya bei ya chini, na kinauzwa dola 60. Wakusanyaji wengi hudharau kila kitokacho huko bila hata kukishika. Mimi siwezi, kwa kuwa nililelewa na mhunzi wa bei ya chini. Lakini kwa bei hiyo nina wasiwasi na ugumu wa chuma, kama kilipozamishwa katika mafuta kilikuwa na joto la kutosha au kilizamishwa ili tu kionekane kimezamishwa, na hilo halionekani kwa picha. Tupa ingejibu, ikiteleza juu ya makali au ikiuma, ila kisu ambacho hujakinunua hakipigwi tupa. Mjomba anasema kwa dola 60 anaweza kukinunua na kukipiga tupa apendavyo. Nimemwambia asubiri, kwanza anitumie picha ya mgongo.